Video za Mama Zilizorukwa

Jumatatu, 4 Machi

Diski ya zamani imeanza kukoroma. Fundi kaisikiliza, kasema nihamishe kila kitu kabla haijakata roho. Video zote za kamusi ya lugha ya alama zimo humo — za mwalimu wa shule ya viziwi, na za mama yangu, ambaye ni kiziwi. Za mwalimu tunaweza kurekodi upya hata wiki ijayo. Za mama basi tena. Tangu alipopooza, mkono wa kulia umelala tu pajani, na alama nyingi zinataka mikono miwili.

Jumanne, 5 Machi

Nimejitia kitanzini mwenyewe.

Za mwalimu zilihamia diski mpya vizuri. Nikaanza kuhamishia za mama kwenye folda ileile, nilitaka zikae pamoja. Kompyuta ikauliza: kuna faili zenye majina haya haya — nibadilishe, niruke, au nibakize zote? Nami niko kwenye simu, mwalimu ananieleza habari za uchapishaji. Nikabonyeza. Fanya hivyo kwa zote, ndiyo, ndiyo.

Kufumba na kufumbua, kwisha. Mbona haraka hivyo? Nikafungua folda. Mwalimu. Mwalimu. Mwalimu. Mama hayumo!

Kamera zetu ni pacha, tulizinunua siku moja, kila moja ilianza kuhesabu kwenye moja. Video ya kwanza ya mwalimu na ya kwanza ya mama zina jina lilelile, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilibonyeza kipi? Sikumbuki. Diski ya zamani nayo imegoma kufunguka.

Mama kaniuliza mbona nimenuna. Nimemwambia kichwa. Naogopa kumwangalia.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kanicheka mpaka nikataka kumkatia simu. Eti nitumie akili: ningebonyeza badilisha, mama angekuwemo na mwalimu ndiye angefutika. Maadamu mwalimu yupo, basi niliruka. Na faili iliyorukwa haihami, inabaki palepale.

Nimekaa sakafuni nikacheka peke yangu kama mwehu. Sasa diski ikubali kuwaka tu.

Alhamisi, 7 Machi

Imewaka! Kuipumzisha kumesaidia.

Safari hii sihamishi, nanakili. Na mama kapewa folda yake mwenyewe, majina yafanane yatakavyo.

Diski inaguna, inanyamaza, inaguna. Mimi nazunguka chumba. Mama kachoka kunitazama, kavuta kiti, kaweka kiganja cha kushoto juu ya diski. Kelele hasikii, lakini mtetemo anausikia kuliko mtu yeyote humu ndani. Namtazama, ananiitikia kwa kichwa: iko hai. Ila huo ndio mkono wake wa kuzungumzia. Ukiwa pale, hana maneno.

Asilimia arobaini. Hamsini.

Hamsini na tano, ghafla kauinua mkono. Nikajua imekata roho.

Umekula?

Nikamwambia bado. Kanikata jicho, kaurudisha mkono kwenye diski.

Hamsini na sita.