Ndoo za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Saa kumi na mbili kasoro nimempokea Salum, mwenzangu wa zamu ya usiku. Lindo shwari, kasema, macho mekundu kama pilipili. Kanikabidhi funguo, filimbi na kirungu. Kirungu ni kimoja, mchana changu, usiku chake. Mwizi akija na panga tumpigie filimbi.

Upepo wa Juni unakata masikio. Buti la kushoto limeachia soli, nimelifunga kwa waya. Kampuni ya ulinzi ilitupa sare moja mwaka juzi, buti tunajinunulia. Mshahara wa Mei haujaingia.

Pamoja na hayo, naipenda asubuhi ya hapa Mkonze. Nafungua geti, malori yanaingia kubeba saruji, mafundi wananisalimia kwa jina. Mwaka wa nne sasa nailinda yadi hii ya vifaa vya ujenzi. Najua kila bati lilipolala. Nyumbani kwangu nimeezeka nusu.

Mchana mama lishe wetu hakuja. Ni mke wa shemeji yangu, mgongo umemlaza. Aliyekuja na ndoo zake mbili za chakula ni mama mkwe wangu, aliyetoka Mpwapwa kumuuguza. Nimejificha nyuma ya kibanda cha geti. Mtu mzima, miaka arobaini na moja, nimejificha.

Jumanne, 4 Juni

Amekuja tena. Basi atakuwa anakuja.

Sheria ya geti ni moja. Kila chombo kinachotoka kinafunguliwa, uwe kibarua au bosi. Nimewahi kumfungulia mchungaji begi, Biblia ikatoka na mswaki.

Lakini mkwe! Kwetu Wagogo, mama wa mke wako humtazami usoni, huli naye, hupekui chombo chake. Vijana wa mjini wanacheka, wanakaa na wakwe zao sebuleni wakitazama televisheni. Mimi nimelelewa na bibi wa kijijini, siwezi. Tangu nimuoe Neema, mama yake namjua kwa khanga zake na mwendo wake.

Saa nane ametoka. Nimegeukia ukuta nikahesabu matofali mpaka vishindo vya kandambili vikapotea. Kwenye kitabu cha OB, tunachoandika kila kinachotokea lindoni, nimeandika: Wote wamekaguliwa. Ni uongo wangu wa kwanza kwenye kitabu kile. Naona aibu.

Alhamisi, 6 Juni

Roli mbili za nyaya za umeme hazipo. Daudi, mtunza stoo, kahesabu mara tatu akapiga kelele yadi nzima ikasikia. Daudi ni Mgogo mwenzangu, mcheshi, hunigawia karanga. Kanipiga begani akasema ni hawa vibarua tu, kaka, wabane.

Mchana kaja msimamizi wetu, afande Lameck, na pikipiki yake. Hakushuka, hata kofia hakuvua. Kasema mali ikipotea tena, aliyekuwa getini anafukuzwa, na hasara anakatwa kwenye mshahara. Mshahara wenyewe laki na nusu. Roli moja tu ingekula miezi miwili.

Kuna wazo limenijia kuhusu zile ndoo. Nimelifukuza. Limerudi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewabana vibarua kama alivyosema Daudi. Mifuko ya suruali, kofia, mpaka soksi. Mmoja kachoka na dharau, kaokota kipande cha nondo akanichapa nacho kifundo cha mkono wa kulia. Kisha akakimbia akiacha ujira wake wa siku.

Zahanati wamesema mfupa haujavunjika, umestuka. Bandeji na dawa nimelipa mwenyewe. Nimempigia afande, kanipa pole na kuniuliza geti nimemwachia nani.

Simlaumu sana yule kibarua. Nimemvua mtu soksi mbele ya wenzake huku ndoo mbili zinapita pale pale bila kufunguliwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimemwambia Neema yote. Kwanza kacheka, kaniuliza nilihesabu matofali mangapi. Nilipomwomba amshauri mama yake aache kuuza pale yadini, kicheko kikakauka.

"Yaani mama yangu mwizi?"

Sikusema hivyo. Lakini sikuwa na namna nyingine ya kulisema. Chakula cha mchana kafunika mezani akaenda kwa jirani. Nimekula peke yangu kwa mkono wa kushoto, mlenda ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nimejionea huruma, kisha nimejicheka.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwomba afande anihamishie zamu ya usiku, nibadilishane na Salum. Salum ni Msandawe wa Chemba, mkwe wangu kwake ni mama lishe tu, atakagua ndoo bila kutetemeka. Afande kasema sawa, kuanzia keshokutwa.

Nikadhani nimemaliza. Neema alipopata habari kakaa chini sakafuni. Mwaka jana mlinzi wa usiku wa yadi ya jirani alifungwa kamba akakatwa panga la bega. Mkono ule haunyanyuki tena, na kampuni yake ilimpa barua ya shukrani. Neema ndiye aliyekuwa akimpelekea mkewe uji.

"Bora mama aninunie mimi," kasema, "kuliko wewe uende usiku na hicho kimti chako."

Kajifunga khanga akaenda kwa kaka yake, kwa mama. Karudi giza limeshaingia. Hakuniambia walichozungumza, nami sikuthubutu kuuliza. Leo pia ndoo zimepita bila kufunguliwa, na OB imedanganya tena.

Jumanne, 11 Juni

Naandika mkono ukiuma, lakini siwezi kulala bila kuandika.

Saa nane mama mkwe katoka na ndoo zake. Nikaelekea nyuma ya kibanda kama kawaida yangu. Sikusikia kandambili zikipita. Nilipochungulia, ndoo zote mbili ziko chini mbele ya kibanda, vifuniko pembeni. Yeye kasogea hatua kama kumi, kanipa mgongo, khanga kaivuta mpaka kichwani.

Akasema kwa sauti, wala si kwangu: "Geti, fanya kazi yako. Mimi sina haraka."

Nikatoka. Ndoo ya kwanza ina sahani na mwiko. Ya pili ina sufuria, na chini ya sufuria mfuko mweusi wa nailoni, umefungwa. Nikaunyanyua kwa mkono mmoja. Mzito mno kuwa chakula. Juu ni makombo ya ugali. Chini roli ya waya, mpya, na karatasi yake.

Naye akasikia mfuko ukichakarika. Akaliambia geti kwamba hayo ni makombo ya mbwa wa Daudi. Daudi huyafunga na kuyatia ndooni mwenyewe, humwomba amtolee, na mtu wa bodaboda huyachukua pale konani. Na Daudi hununua sahani mbili kila siku, mteja mwema, angemkataliaje.

Nami nikaliambia geti: "Ndani kuna waya."

Akaketi chini kwenye vumbi. Sijawahi kumwona mama mkwe amekaa chini barabarani.

Hapo ndipo nilipoielewa akili ya Daudi. Ni Mgogo kama mimi. Alijua kuna ndoo za mtu mmoja tu katika yadi hii ambazo mlinzi hatazigusa. Heshima yangu aliigeuza toroli ya kubebea wizi wake. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Nakiri hapa: niliwaza kuirudisha ile roli kimyakimya. Nani angejua? Mama mkwe asingefika polisi, nami kazi yangu ingebaki. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika. Sauti yake ndiyo iliyonitoa huko. "Geti, piga filimbi."

Nikapiga.

Jumatano, 12 Juni

Daudi alikana akala na kiapo. Lakini mtu wa bodaboda hakuwa na habari, kafika konani kwa wakati wake kuchukua makombo. Walipomshika kamtaja kabla hajaulizwa mara ya pili. Polisi wamewachukua wote wawili. Mama mkwe kahojiwa saa mbili nzima kituoni, kaachiwa. Neema alikuwa naye. Anasema mama aliwajibu kama anayewasomesha.

Jana kwenye OB niliandika yote. Kwamba tangu Jumatatu ile ndoo zake sikuzikagua hata siku moja, na kwamba nilidanganya. Afande Lameck kasoma leo mara mbili. Kaniuliza kwa nini nimejichongea mwenyewe. Nimemwambia polisi wangemuuliza mama mkwe alipitaje siku zote hizo, na sikutaka yeye ajibu kwa niaba yangu.

Kazi imebaki. Nimepewa barua ya onyo, na nusu ya mshahara wa Juni imekatwa. Nimekamata mwizi, nimekatwa mshahara. Nimekasirika mpaka nikatembea yadi nzima nikiongea peke yangu.

Zamu ya usiku imefutwa. Neema kapika kuku. Hakusema wa nini, na nimekula mpaka shingoni.

Jumapili, 23 Juni

Mke wa shemeji kapona mgongo, kesho anarudi na ndoo zake. Mama mkwe amerudi Mpwapwa leo.

Kiroba chake cha uwele nimekibeba mimi mpaka stendi, begani kushoto, nikifuata nyuma umbali uleule wa siku zote. Neema alikuwa katikati yetu, akicheka na huku na huku. Nikakiweka kwenye buti la basi nikasogea pembeni, nikatazama matairi.

Konda akauliza mzigo ni wa nani. Mama mkwe akasema ni wake. Konda akaniona nimesimama, akauliza na yule je, ni mpagazi, amelipwa?

Mama mkwe akamjibu akiwa ameshapanda ngazi, bila kugeuka: "Yule ni mwanangu."

Basi likaondoka. Neema kanishika mkono, ule wenye bandeji, polepole. Tumerudi nyumbani kwa miguu.