Siku Moja Mbandaka

Kibua, Jumatatu, 8 Septemba
Dawa saa moja. Uji, vijiko vitatu. Kifua kile kile. Tangu tuliposhuka Mbandaka mwaka jana nimeficha jambo, na sitaki kuzikwa nalo. Leo siliandiki. Mkono unakataa.

Jumatano, 10 Septemba
Amani amefika kwa pikipiki kutoka Kirolirwe, tope hadi magotini. Ni mtoto wa marehemu Bahati, mwalimu mwenzangu katika shule niliyoiongoza. Familia inamshtaki kapteni wa meli: aling'oa nanga akamwacha Bahati bandarini, mgonjwa wa sukari, dawa zake zimebaki melini. Alikufa siku ya nne. Kapteni yuko mahabusu tayari.
"Papa Directeur, weye njo shahidi ya kwanza. Utie saini."
Nimekasirika hadi nikakohoa damu. Arudi Jumamosi, nimesema.

Ijumaa, 12 Septemba
Tulikuwa walimu wastaafu saba, safarini kwa meli ya Mto Kongo. Kwenye meli ile kila kundi lina mkubwa wake. Kapteni hahesabu vichwa. Anamuuliza mkubwa kama watu wake wote wamepanda, na neno lake linatosha. Mkubwa nilikuwa mimi.
Tulishuka asubuhi. Tulitakiwa turudi saa tisa. Nyumba za zamani za Wabelgiji, mabati yameoza, miti inatokea madirishani. Aibu! Mji wenye historia kama ile, na wakubwa wa serikali wanapita hapo na magari yao bila kugeuza shingo.
Kisha jiwe la ikweta. Nikaeleza kama darasani: mstari unapita hapa hapa. Bahati akacheka. Mbele ya wenzetu, mbele ya mama wauza samaki.
"Directeur! Miaka yote ile ulidanganya batoto ya batu? Mustari haipite hapa, iko kule!"
Mama mmoja akadakia: "Mwalimu amepotea njia!" Wakacheka wote.
Bahati alisema kweli. Ndiyo maana iliniuma. Nilirudi melini peke yangu, nikiwa nimevimba kama chura. Mzee mzima.

Jumamosi, 13 Septemba
Amani amerudi na karatasi. Mjane wa Bahati, Mama Riziki, amenitumia maharage mapya na salamu. Salamu! Kwangu! Heshima yao inanichefua. Karatasi inasema kapteni hakuuliza mtu. Nimeisukuma pembeni. Sisaini.
"Papa, unamuogopa kapteni?"
Nimemwambia alale sebuleni. Mwoga mimi, lakini si wa kapteni.

Jumapili, 14 Septemba
Mvua tangu alfajiri. Kifua kimetulia kidogo. Amani bado amelala sebuleni. Akiamka nitampa daftari hili, alisome kwanza yeye, kisha alipeleke kwa mwendesha mashtaka.
Kapteni aliuliza. Aliuliza mara mbili. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa meli. Nilimwona Bahati akiteremka njia ya bandarini, polepole, kwa ile miguu yake, kofia mkononi, akitupungia.
Nikamwambia kapteni: wote wako ndani.