Zamu Yangu na Kompyuta ya Mke Mwenzangu

Jumatano

Na leo ilikuwa zamu yangu. Mume wetu kashinda mtaa wa pili kwa mke mwenzangu Rukia, eti kompyuta yake imekataa kufungua faili za PDF.

Yangu nayo ilikuwa imekataa. Mbona sikumwita mtu? Nimehangaika peke yangu kwenye mipangilio mpaka nikaielekeza ilipo programu ya kusomea PDF, na kitabu cha mapishi ninachokiandika kikafunguka kurasa zote. Nilitamani yeye awe wa kwanza kukiona.

Amekuja baada ya isha, keshakula huko. Akatazama kioo. "Mama Salma, kumbe unajua. Kesho kamsaidie mwenzio, mimi imenishinda."

Nitakwenda. Nitamtengenezea vizuri kabisa, asipate tena sababu ya kumwita siku yangu.