Alisema Tutaona

Mama,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na hizi mvua? Na Nasra wangu, bado anagombana na uji? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nimeandika kwa sababu haya nikiyasema kwenye simu nitalia, nawe utalia, na salio litaisha.

Kibarua changu huku Marekani kimeota nyasi. Oda za mikate zilipungua, msimamizi akatuita, akatushukuru, akatutoa kabla hata ya chai. Ndivyo kulivyo. Kazi yenyewe niliipata siku ileile niliyoiulizia, maana hapa kumwajiri mtu ni kama kukodi bodaboda, safari ikiisha mnaachana. Nitapata nyingine, nayo itanishusha njiani.

Ujerumani, nilikotoka, kuajiri ni kama kuposa. Wanakuchunguza weee, lakini ukishaingia, kukutoa ni shughuli. Unamkumbuka yule mzee wa duka la mikate, aliyenipa mkataba wa muda? Nilimwomba aniajiri moja kwa moja. Akasema, "Tutaona."

Mama, mimi mtoto wa pwani, wa Dunda. Kwetu mstaarabu akikwambia tutaona, ameshakunyima, hataki tu kukuaibisha. Nikamshukuru, nikaona haya kumuuliza tena. Ile viza ya bahati nasibu ya Marekani ilipotoka, nikafunga mizigo.

Juzi akanipigia Halima, yule Msomali niliyefanya naye kazi kule.

"Mbona uliondoka? Mzee alikuja na mkataba wako wa kudumu, wewe hupo."

"Si alisema tutaona?"

"Ndiyo. Alikuwa anaona, Zuhura. Anapiga hesabu kama duka litakuweza miaka yote. Huku hawaajiri kwa kujaribu."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kazi ile ingenipa likizo ya kuja nyumbani kila mwaka, na baadaye ningemchukua mwanangu. Najuta, Mama. Huku kazi ni tele na kule ni za kusubiri, lakini za kule zinakaa. Mimi nilitaka ya kukaa, na ilikuwa inakuja.

Nisalimie shangazi Mwanaidi na vitumbua vyake, na kaka Omari, aendeshe pikipiki taratibu. Baba mdogo wa Chalinze mwambie namuombea afya.

Na Nasra akikuuliza kama nitakuja Idi, nakuomba, usimwambie tutaona. Mwambie mama haji.

Mwanao,
Zuhura