Mashine Niliyoinunua kwa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Odeta, shikamoo, naomba unisaidie kabla kampuni yangu haijafa.

Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Nyakahura, na mwaka jana nilitaka mashine kubwa zaidi, nikaenda Mwanza, muuzaji akasema ukinunua kwangu fundi wangu atakaa kwako wiki mbili awafundishe, nikaona huyu ananipotezea muda, kwa sababu mama mkwe wangu, Kwandu, wa Nyamahanga, alikuwa anauza yake na kila mtu anaisifu, basi nikamtuma mshenga wangu akaninunulia. Shangazi, mashine ilikuja ila ujuzi ulibaki kichwani mwa mama, ni yeye anayejua kuikaza kulingana na mbegu, na sisi Wasukuma mkwe hatumkaribii hovyo, kwa hiyo akija kuirekebisha wafanyakazi wanapiga kelele, "Bosi, mkwe huyo!", natoka mlango wa nyuma nakaa kwenye mihogo mpaka aondoke, na siku hiyo mafuta yanatoka vizuri mno, nikirudi nikaigusa mimi yote yanabaki kwenye mashudu, ng'ombe wa hapa wananenepa na wateja wangu wamehamia Biharamulo mjini, wamebaki watatu, mmoja ni kaka yangu. Mke wangu Ernesta, ambaye kwao alikuwa akiiendesha tangu yuko darasa la sita, alitaka kunielekeza, nikamwambia asihangaike, awapikie wafanyakazi. Sasa naona nitawaachisha kazi watu sita, na silali. Je, niiuze, au niwaombe wazee walegeze huu mwiko?

Malongo, Nyakahura

Marahaba, Malongo. Pole kwa kukaa kwenye mihogo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikitafuta mahali mashine ilipokosea. Sikupaona.

Muuzaji wa Mwanza ulimkataa kwa sababu alikuja na mafunzo. Mwanangu, anayetafutia kampuni yake mashine anauliza nani atanifundisha, ikisumbua nani atakuja, na huyo mtu nitaweza kukaa naye chumba kimoja? Wewe hata mshenga hukumuuliza.

Wazee waache wapumzike, na mkweo endelea kumheshimu. Biashara umeiharibu mwenyewe ulipompeleka jikoni fundi pekee unayeruhusiwa kulala naye nyumba moja. Hilo limeniudhi kweli.

Jumatatu saa moja asubuhi mpe Ernesta spana, waite wafanyakazi wote, nawe simama nao ukiwa na daftari. Mpe cheo cha msimamizi wa mitambo pamoja na mshahara wake. Mbegu mpya ikiingia, yeye ndiye aamue mashine ikazwe vipi. Wa kupika mtafute mwingine. Wateja waliohama uwafuate wewe mwenyewe na chupa ya mafuta mapya mkononi, usitume mtu.

Utaona aibu kufundishwa na mkeo hadharani. Ione tu, itapita, lakini hao sita wana watoto wa kulisha. Na Ernesta akiwa anaeleza, ukajisikia kusema "lakini", funga mdomo uandike.