Maua ya Dada wa Kabaila

Guangzhou, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia tangu ubadilishiwe dawa, na kwamba mvua ya Makambako imekuachia japo siku mbili za kuanika mahindi. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa kusimama.

Dada Tumaini ameniambia picha yangu na yule Mzungu imeshazunguka kanisa zima, na mjomba anatangaza kwamba Neema sasa yuko na watu wa kifalme. Mama, naomba umtulize. Nitakueleza mtu mwenyewe alivyo.

Yule ni kabaila wa Kiingereza. Wanamwita Lodi, cheo alichorithi kwa baba yake kama mtu anavyorithi koti. Kwa cheo hicho tu, babu yake alikaa bungeni maisha yake yote bila kupigiwa kura hata moja. Diwani wetu, pamoja na uvivu wake, angalau alipita nyumba kwa nyumba kutuomba. Huyu alikuja kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, hapa mjini, kutafuta kiwanda cha kumtengenezea vikombe vya chai vyenye jina la ukoo wake, awauzie watalii wanaolipa kuitazama nyumba yake. Nyumba yenyewe inavuja. Kwa kuwa biashara yangu ya nguo imelala, nilikubali kumtafsiria kwa siku nne.

Siku zote tulizokuwa pamoja hakuniita kwa jina. Akiingia mahali, alirudisha mikono nyuma na kusubiri avuliwe koti. Aliyemvua ni mama mmoja mwenye mvi, mbeba mkoba wa sampuli, ambaye Lodi alimtambulisha kuwa msaidizi wake. Niliamini. Siku ya pili, tukiwa tunakunywa chai sisi wawili, yule mama akaniambia anaitwa Harieti, na kwamba ni dada yake Lodi, baba mmoja mama mmoja, tena amemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne. Kwao cheo hakishuki kwa mwanamke, na nyumba hufuata cheo. Baba yao alipofariki, mdogo mtu akapata vyote, dada akahamia kijumba cha getini, nacho ni mali ya mdogo wake. Alinisimulia kama mtu anayeeleza habari za mvua.

Ulitulea tumheshimu kila mtu, Mama. Nilijitahidi mpaka siku ya tatu.

Siku hiyo tulikaa na Bi Liang, mwenye kiwanda, ambaye wote humwita laoban, yaani bosi. Jina la ukoo hakulijali. Alichopenda ni maua yaliyochorwa kwenye sampuli, akauliza ni kazi ya nani. Lodi akajibu kwamba ni yake. Nilimwona Harieti akiinamisha uso. Nikatafsiri kama nilivyoambiwa, maana ndiyo kazi niliyokubali.

Bi Liang akafurahi, akamsogezea karatasi na penseli. Alitaka ua moja dogo zaidi, la kukaa kwenye kifuniko cha birika. Lodi akaishika penseli kama mtu aliyepewa nyoka. Akasema mkono unamuuma. Kisha, bila hata kugeuka, akamsogezea dada yake ile karatasi. Harieti akachora. Ua likatoka lote, na jani lake lililojikunja, kabla chai yetu haijapoa.

Bi Liang alitazama mikono ile, akaniambia taratibu, “Mwambie mkataba nitaandikiana na huyu mama.”

Nilipotafsiri, uso wa Lodi ukawa mwekundu kama pilipili. Akamwambia dada yake, “Ukitia saini, usirudi kwenye kijumba changu.”

Mama, nimesikia wanaume wengi wakitukana, lakini sijaona aliye mdogo kuliko yule. Harieti alifunga mkoba, akaomba apewe muda wa kutembea kidogo, akatoka.

Lodi akanigeukia akitaka nimtafutie gari la kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, kwa kuwa hajawahi kuita gari mwenyewe. Nikamwonyesha ngazi za treni ya chini ya ardhi, nikamwambia inafika hadi huko. Akashuka akiburura sanduku lake. Koti alikuwa amelivaa upande mmoja.

Harieti alirudi macho yakiwa mekundu. Aliniambia hajui atalala wapi akifika Uingereza, na kwamba ana miaka sitini na minane. Akakaa mbele ya Bi Liang, akachukua kalamu, akaniuliza, “Jina langu linaandikwaje kwa Kichina? Harieti tu. La ukoo liache.”

Nikamwandikia. Akalinakili polepole chini ya mkataba, alama moja baada ya nyingine.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, shangazi wa kwaya, na Dada Tumaini na watoto wake. Mungu akutunze, Mama, mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Neema