Bomba la Barazani

Lushoto, 9 Agosti 1975

Kwako kaka Tobia,

Shikamoo. Huku ukungu hauondoki mpaka saa tano. Mama ameacha kukohoa, na maharage mwaka huu yamekubali.

Umeuliza kama bomba mlilotufungia wewe na mafundi wenzako linafanya kazi. Linatoa maji safi, halijaharibika hata siku moja. Ila sisi wanawake bado tunachota mtoni. Mmelisimamisha mbele ya ofisi ya kijiji, na barazani pale wazee wanakaa kutwa. Baba mkwe wangu haondoki. Wewe ni Mshambaa, umekulia huku. Ni mke gani wa mtu atakayeinama na ndoo huku baba mkwe wake anamtazama? Siku mliyopima mliwauliza wazee tu. Mimi nilikuwa nawapikia chai.

Kesho wageni wa wilaya wanakuja kuliona. Mwenyekiti ametangaza kwamba mwanamke asiyefika na ndoo ni mpinga maendeleo. Mume wangu naye anasema nikienda nimemvunjia baba yake heshima.

Njia ya mtoni inateleza mno siku hizi. Jumanne iliyopita nilianguka na ndoo. Ile shali ya mtoto uliyotuma nimeikunja, nimeirudisha sandukuni. Ukimwandikia Mama, usiulize habari za mtoto.

Kesho nitakwenda bombani, kaka. Nitainama nichote mpaka ndoo ijae. Safari hii mzee ndiye atakayetafuta pa kutazama.

Mdogo wako,
Secilia